Kosa la Rwamba Nililolinyamazia

Zuhura mwanangu,

Umetoka kwenda Makutano kuwaaga wenzako wa chuo, na baba yako yuko mbele anawakatia nyama wateja wa jioni. Mimi nimekaa huku nyuma ya bucha, karatasi nimeiweka juu ya friza maana meza yote imejaa vitu vyako. Sikuandikii habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kufunga mlango wa chumba. Hayo baba yako ameshayasema, tena mara mbili, na mara ya pili nilikuona ukiangalia dari. Mimi nina langu moja, na wiki nzima nimekuwa nikilizunguka.

Nakuonea wivu. Usiseme ni utani wa mama. Ninakuonea wivu wa kweli, wa kunyima usingizi, kijicho kile ambacho watu wa hapa Majengo wanaombeana dua kiwaepuke. Naliona begi lako jipya pale mlangoni na natamani nilipige teke. Nasikia watu wakikuita "mtaalamu wetu" na nabana meno huku nikicheka nao. Mama hatakiwi kuwa hivi kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe, najua, na kujua hakujanisaidia kitu.

Unakumbuka jirani yetu Bi Mwanajuma alipokuja wiki jana na kukuuliza hiyo kompaila uliyoitengeneza ni mdudu gani? Ukamwambia ni programu inayosoma maandishi ya mtu na kuyageuza yawe amri ndogo ndogo ambazo mashine inaziweza. Akasema hajaelewa. Nikataka kuongeza neno, nawe ukaniwahi. "Mwache mama apike," ukasema, "haya hayamhusu." Ulisema kwa mapenzi, mkono ukiwa begani kwangu. Nikakoroga pilau yangu, roho ikiniuma hadi mgongoni.

Kwa sababu nilijua, Zuhura. Ulichokuwa ukimweleza Bi Mwanajuma nilikijua kabla hujazaliwa, kabla sijamjua baba yako. Wewe unajua kwamba mama yako alifanya kazi Nairobi ya kupiga taipu, halafu akaja Meru, akasilimu, akaolewa na muuza nyama. Unajua pia kwamba nilizaliwa Embu na jina langu lilikuwa Igoki. Yaliyobaki sikumwambia mtu, hata baba yako.

Ni lazima nianzie Embu, la sivyo utaniona mchawi tu.

Miaka ya Imanjensi, yaani ile hali ya hatari kabla ya Uhuru, serikali ya wakoloni ilitutoa kwenye maboma yetu na kuturundika kijijini ili tusiwapelekee chakula watu wa msituni. Nilikuwa na miaka kama minane. Nyumba zilikuwa za udongo, zimepangwa mistari, na kila moja ina namba ya chokaa mlangoni. Sisi tulikuwa namba ishirini na mbili, mimi na mama tu, maana baba alikuwa ameshapelekwa kizuizini. Kila asubuhi mama alipelekwa na wenzake kuchimba lile handaki refu la kutenganisha vijiji na msitu, na mimi nilifuata nyuma kubeba udongo kwa karai. Shingo yangu mpaka leo hainyooki vizuri, wewe mwenyewe umezoea kunicheka.

Nyumba ya karibu na lango ilikuwa ya baba yake Rwamba. Yeye alikuwa homugadi, yaani askari wa kijiji aliyeshika upande wa serikali, na ndiye aliyetunza daftari la nyumba: namba upande huu, jina la mwenyeji upande ule. Rwamba alikuwa rika langu. Alikuwa na gauni la kijani na sleti ya kuandikia, na alienda shule. Tulipishana naye langoni kila siku, yeye na sleti kwapani, mimi na karai kichwani. Nililichukia gauni lile, nikaichukia na miguu yake safi. Na sababu nilikuwa nayo, maana baba yake alikula na waliomchukua baba yangu.

Siku moja tulirudi kutoka handakini tukakuta sufuria za mwanamke mwingine jikoni kwetu, na watoto wake wamelala kwenye ngozi yetu ya kulalia. Vitu vyetu vilikuwa vimetupwa nje, na wapita njia walikuwa wameshajichagulia. Koti la baba, lile alilolivua siku aliyokamatwa, halikuwepo. Mama alienda moja kwa moja kwa homugadi.

"Nyumba yangu ina watu," akamwambia.

"Ishirini na mbili ni ya Wambeti," akajibu, akamfungulia daftari. "Tazama, imeandikwa."

"Na mimi nimeandikwa wapi?"

Akapindua kurasa mbele, akapindua nyuma. Hatukuwa popote. Aliletewa familia mpya siku ile, akaandika jina lao juu ya jina letu bila kwanza kututafutia pengine pa kukaa. Hakufanya kwa ubaya, nadhani, alikuwa tu na haraka. Tulilala nje chini ya upenu wa watu, halafu tukahifadhiwa na rafiki wa mama kwa majuma kadhaa, hadi tulipopewa namba arobaini. Koti hatukuliona tena. Baba aliporudi kutoka kizuizini aliliuliza kabla ya kuketi.

Siku chache baada ya kupoteza nyumba, Rwamba alikuja tulipojihifadhi, peke yake, na sleti yake. "Kaa hapa," akasema, "nikuonyeshe tuliyosoma leo." Sikumwita, na sijui nani alimtuma. Alikuja siku hiyo na siku zilizofuata, karibu kila alasiri, mpaka nikajua kusoma na kujumlisha, na shule zilipotulia nikaingia moja kwa moja darasa la tatu. Kila nilichosoma maishani mwangu kilianzia kwenye sleti ya Rwamba. Na nikuambie ukweli, kila alivyonifundisha ndivyo nilivyozidi kumwonea wivu. Angekuwa na madharau ningepumzika. Alikuwa mwema, akaninyima hata sababu ya kumchukia.

Tulipokua alinipita kama gari linavyompita mtu wa miguu. Alienda kusoma hesabu za juu. Mimi nilisoma taipu. Uhuru ulipokuja na miaka ikasogea, yeye ndiye aliyenitafutia kazi kwenye ofisi moja kubwa ya Nairobi iliyokuwa ikikokotoa vipimo vya mashamba kwa kompyuta. Usifikirie hizi mnazoziweka mezani huko chuoni kwenu. Ilijaza chumba kizima, na chumba kilikuwa baridi hata tukavaa sweta mchana. Programu ziliandikwa kwenye karatasi, halafu sisi wasichana tukazitoboa kwenye kadi kwa mashine, tundu kwa tundu. Tulikuwa tisa. Walioandika programu walikuwa wanaume watano na Rwamba.

Rwamba alikuwa amepewa nafasi ya kutengeneza kompaila ndogo. Wapima mashamba walikuwa wamechoka kuandika amri za mashine moja moja, walitaka kuandika hesabu zao kama wanavyozijua, mashine ijitafsirie. Saa ya chai alikaa na mimi, siyo na wale wanaume, akachora kwenye mgongo wa kadi zilizoharibika.

"Igoki, tazama," aliniambia siku moja. "Mpima ataandika hivi: ENEO ni sawa na UREFU jumlisha NJIA, mara UPANA jumlisha NJIA. Wewe na mimi tunaona kitu kimoja. Mashine haiwezi kumeza yote, inataka kijiko kijiko."

"Inaanza wapi?"

"Kulia. Upande wa kulia wote upate jibu kwanza, ndipo jibu liingizwe kwenye jina lililo kushoto. Na hilo jina ENEO si kitu, ni nyumba tu. Huko ndani lina namba yake."

"Na aliyekuwa ndani ya hiyo nyumba?"

"Anafutika," akasema huku akichovya mandazi. "Haulizwi."

Akacheka. Mimi sikucheka, lakini nilielewa kuliko alivyodhani. Wasichana wenzangu walikuwa wakitoboa kadi hizo bila kujua zinasema nini. Mimi nikawa nazisoma. Mashine ilikuwa na herufi zake, nami nikazisoma kimoyomoyo kwa Kiswahili changu: chukua, jumlisha, zidisha, weka. Nilikuwa najificha na karatasi za Rwamba chooni, Zuhura, nikisoma jinsi mstari mmoja wa mpima unavyovunjwa kuwa mistari minane. Sijawahi kupenda kitu namna ile. Na kilikuwa cha Rwamba.

Alhamisi moja aliniachia karatasi za majaribio, zile alizochapa baada ya kompaila yake kutafsiri hesabu ya eneo. Wageni walikuwa waje Jumatatu kuiona ikifanya kazi. Nilitakiwa kuhakikisha kadi zinalingana na karatasi, basi. Nikasoma: chukua UREFU, jumlisha NJIA, weka kwenye NGOJA. NGOJA ni jina alilolitunga yeye, nyumba ya muda ambamo nusu ya jibu inasubiri mpaka nusu ya pili iwe tayari. Nikaendelea: chukua UPANA, jumlisha NJIA, weka kwenye NGOJA.

Nikarudia kusoma. Nusu ya kwanza ilikuwa bado imo ndani ya NGOJA, hakuna aliyeitoa, na nusu ya pili ilikuwa imeingizwa humo humo. Halafu amri iliyofuata ikasema zidisha kilichomo NGOJA kwa kilichomo NGOJA.

Hesabu fupi zisingeonyesha kosa hilo, kwa sababu zilikuwa na nusu moja tu ya kusubiri, na Rwamba alikuwa amejaribu fupi nyingi. Lakini chukua shamba la urefu wa nane, upana wa tatu, na njia ya pembeni yenye upana wa mbili. Lilitakiwa liwe kumi mara tano. Kumi ingefutika, ingebaki tano mara tano. Nililiona hapo hapo, bila kalamu. Wala sikuhitaji usomi. Nilikuwa nimewahi kulala chini ya upenu kwa sababu ya kosa hilo hilo, la kuandika wa pili kabla ya kumtafutia wa kwanza mahali.

Rwamba alichungulia mlangoni akiwa ameshika mkoba. "Kadi zimekaaje, Igoki?"

"Ziko sawa," nikasema.

Na kweli kadi zilikuwa sawa, zililingana na karatasi, nilijitetea nalo hilo miaka mingi. Lakini unajua alichouliza na unajua nilichojibu. Nilimwona akiondoka na lile koti lake zuri la sufu, nikajiambia: acha naye atolewe vyombo nje, angalau mara moja. Ijumaa nilikuwa naye ofisini siku nzima. Jumamosi tulikwenda pamoja kununua viatu vya kuvaa mbele ya wageni, na mimi ndiye niliyemchagulia rangi. Jumapili nilishinda kitandani nikisema kichwa kinaniuma.

Jumatatu wageni walikuja. Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka, na mpima mmoja mzee akachukua penseli akapiga hesabu pembeni. "Binti," akasema kwa upole, "shamba langu la mstatili umeligeuza mraba." Wakacheka wote. Mkubwa wetu hakucheka. Alisema mbele ya watu kwamba alikuwa ameonywa kuhusu kumpa mwanamke kazi nzito, na siku hiyo hiyo akampa kazi hiyo mmoja wa wale watano. Rwamba akapelekwa stoo kupanga kadi.

Nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amevua vile viatu vipya. Nikamkumbatia. Mimi, nikamkumbatia. Akalia, akasema, "Nimekuangusha na wewe." Nikamuuliza kivipi. "Nilikuwa nimemwambia mkubwa kwamba ikikubalika nitahitaji mtu wa pili wa kuandika nami. Nilimpa jina lako. Alikuwa amekubali."

Kwa siku nne nilikuwa nimelikalia lile kosa kama kuku juu ya mayai, kumbe nafasi yangu mwenyewe ilikuwa chini yake.

Ungeniuliza kwa nini sikumwambia pale. Niliokota vile viatu vipya, nikavipanga chini ya benchi. Yeye alilipata kosa mwenyewe baada ya siku mbili, akalirekebisha kwa kutafutia kila nusu nyumba yake, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mwezi haukuisha nikaacha kazi, nikasema mama ni mgonjwa, nikaja Meru kwa mjomba aliyekuwa akiuza kanga hapa Majengo. Baba yako alikuwa akipita na mguu wa ng'ombe begani na kunisalimia kwa kila neno alilojua. Rwamba aliniandikia barua mbili. Sikujibu. Baadaye nikasikia amekwenda ng'ambo, amerudi daktari wa hayo mambo ya kompyuta, anafundisha chuo kikuu.

Sasa unajua nakokwenda.

Ulipotuma kazi yako ya kompaila kwa yule Dakta wa Nairobi, hukuniambia jina. Ulisema tu "kuna mwalimu mmoja". Baba yako alinituma posta kufungua sanduku letu, na mle ndani nikakuta bahasha yenye jina lako, na mwandiko. Zuhura, mwandiko ule ndio ulionifundisha herufi A. Nikasimama pale posta mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Niliifungua kwa mvuke wa birika, nikaisoma, nikaibandika tena. Alikuwa anakuita. Alisema ameona vijana wengi wenye vyeti lakini wewe umefikiri, na kwamba amekutafutia nafasi, na angependa uje uketi naye kufanya kazi hiyo. Kwamba atahitaji mtu wa pili.

Nikaificha chini ya godoro la wageni.

Siku kumi na moja. Usiseme posta walichelewesha, kama ulivyowaambia wenzako, maana posta hawakuchelewesha kitu. Ni mimi. Kila asubuhi nilisema leo nitampa, na kila asubuhi nilikuona ukiamka, ukiuliza, "Hakuna barua?" nami nikajibu, "Bado, mama." Siku ya tano uliacha kula vizuri. Siku ya nane ulimwambia baba yako utakubali ile kazi ya kukaa kwenye duka la vyuma pale Makutano. Na ulipokuwa umeketi jikoni na mimi ukimenya viazi, kimya, bila pa kwenda, kama mimi, nilikuwa na raha. Ndogo, lakini raha. Hiyo ndiyo sehemu ambayo nimeona haya kuliko zote kuiandika, na nimeiandika.

Siku ya kumi na moja ulileta karatasi zako zote za kompaila hapa buchani. Ukaziweka juu ya kaunta ukamwambia baba yako azifungie nyama, ni karatasi tu. Maskini baba yako hakujua, alifurahi kwa sababu magazeti yalikuwa yamekwisha. Akachukua ya kwanza akafungia nusu kilo ya matumbo ya Mzee Abdi. Akachukua ya pili. Nilikuwa hapo nikifuta ubao, na ile ya pili ikawa imelala mbele yangu, imeshaingia damu pembeni, nami nikaisoma. Nilisoma nikitafuta kosa, sitakudanganya. Nilitaka niikute NGOJA ya Rwamba humo. Badala yake nikakuta kila nusu ya jibu umeipa nyumba yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila iliyomaliza kazi umeitoa ndipo ukaingiza nyingine. Ulikuwa umefanya sawasawa, peke yako, bila mtu wa kukuchorea kwenye kadi. Na baba yako akanyoosha mkono kuifungia maini.

Nilimnyang'anya, nikazikusanya zote zilizobaki. Aliniangalia kama nimepandwa na jini. Nikaenda chumbani, nikaitoa bahasha, nikakuletea, nikasema imefika leo. Wewe ukanirukia shingoni, hii shingo yangu mbovu, ukanishukuru. Tangu siku hiyo sijaweza kukuangalia vizuri, na wewe umefikiri ni huzuni ya kuachwa.

Nafasi ilikuwa imebakiza siku chache tu kufungwa. Ungechelewa kidogo ingekwenda kwa mwingine, na ungekaa pale duka la vyuma ukijiuliza ulikosa nini.

Sikuambii usiwe na wivu, maana nani mimi niseme hivyo. Nilikuona ulivyomtazama yule mwenzako wa Kinoru alipopata nafasi kabla yako. Nililitambua lile jicho, umelitoa kwangu pamoja na meno. Litakupata tena huko uendako, na litakujia kwa mtu mwema, mtu atakayekushika mkono. Ninachojua mimi ni kwamba wivu wangu haukuwahi kunyanyua mkono. Sikuharibu kadi ya Rwamba hata moja, wala barua yako sikuichana. Kazi yote niliifanya nimekaa, mdomo umefungwa. Ukijiona umenyamaza namna hiyo, uogope.

Basi kuna jingine, na ndilo limenikalisha hapa mbele ya friza.

Zile karatasi nilizomnyang'anya baba yako nilizisoma zote, ukurasa baada ya ukurasa, kila ulipotoka. Nilisema nazitunza. Ijumaa iliyopita, kwenye ukurasa wa tisa, nikakuta kosa. Pale mtu anapoweka namba yenye nusu kwenye jina ulilolitenga kwa namba kamili, kompaila yako inaikata nusu na kuendelea na safari. Saba na nusu inaingia, saba inabaki. Haisimami, haionyi, haisemi neno. Mwandishi wa programu hatajua kamwe nusu yake ilienda wapi. Na Rwamba ameandika kwenye barua kwamba Jumatatu utaionyesha mbele ya walimu wenzake.

Nililiona Ijumaa, Zuhura, na leo ni Alhamisi. Nimekuona ukipanga nguo, nimekushonea kifungo, na sikusema.

Sasa nasema. Ukurasa wa tisa, mistari minne kutoka chini, nimeizungushia kalamu nyekundu ya bucha. Karatasi zimo ndani ya begi, chini ya kanga. Una Ijumaa kwenye basi, una Jumamosi na Jumapili. Kabla haijaweka chochote, iangalie aina ya kilicho kulia na aina ya nyumba iliyo kushoto, na zisipolingana imwambie mwenyewe waziwazi. Utajua kuifanya kuliko ningeweza kukueleza, na hilo nalo linaniuma.

Kama kesho hutaki nikusindikize mpaka kwenye basi, mwambie baba yako, nami nitabaki buchani. Nimejaribu mara tatu kumwandikia Rwamba mwenyewe, na kila mara nimeishia kwenye salamu. Akitaka kuniona nitakuja, hata kwa miguu. Lakini Jumatatu, kabla hujawasha hiyo mashine, mwambie kwamba kosa la ukurasa wa tisa limeonwa na Igoki. Mwambie na lile la NGOJA aliliona, siku nne kabla ya wageni kuja.

Mama yako.